Ngazi ya Bwana Futi

Pembezoni mwa miji mingi kuna kilima ambacho mgeni hukisifia nyasi, mpaka mwenyeji amwambie kwamba chini yake zimelala takataka za miaka thelathini. Dampo likijaa hufungwa, hufunikwa udongo, watu wakaendelea na mambo yao. Lenyewe haliendelei popote. Mvua hupenya, huchuja uozo, na chini kabisa hukusanyika maji meusi ambayo wafanyakazi huyaita kahawa, ingawa hakuna aliyewahi kutania kuyaonja.

Kuyachunga maji hayo ilikuwa kazi ya mwanamume aliyeitwa Bwana Futi, kwa sababu hakuonekana bila futi ya utepe ya kupimia mfukoni. Katikati ya kilima lilisimama bomba pana la plastiki, lililopita kwenye takataka zote na kukaa juu ya zege huko chini. Kila asubuhi aliteremsha futi ndani ya bomba, nati ya chuma ikiwa imefungwa kwenye ncha. Nati ikigusa maji ilisema chubwi, naye akasoma namba kwenye mdomo wa bomba. Mafundi walimwachia kanuni moja tu: maji yakipanda mpaka zikabaki mita mbili kufika mdomoni, washa pampu, yaende kwenye bwawa la kusafishia. Zikizidi mbili, yaache.

Kwa miaka kumi na mmoja aliandika kila kipimo kwenye daftari, kwa mwandiko uliosimama wima kama gwaride. Hakuruka siku. Hata siku ya kumzika mama mkwe alipima kwanza, na mkewe humkumbusha hilo kila wanapokosana.

Siku hizi alipima akiwa juu ya ngazi. Alianza na tofali moja, yakawa matatu, mwisho akajenga vidato viwili imara.

"Uzee unanifupisha," alimwambia mkewe.

"Kwani ulikuwa mrefu lini?" mkewe aliuliza, akiendelea kukunja nguo.

Dada mkubwa wa Bwana Futi, mjane, alilima mchicha chini ya kilima, kando ya kisima alichoachiwa na mumewe. Maji ya kunywa, ya kupikia na ya kumwagilia, yote yalitoka humo. Mvua za mwaka huo zilipokolea, ubavu wa kilima upande wake ukaanza kutoka jasho jeusi, na mtaro uliopita shambani ukabadilika rangi. Dada akafunga kanga kiunoni, akapanda mpaka kwenye bomba.

"Mdogo wangu, kahawa yako inanifuata nyumbani."

"Haiwezekani, dada. Jana nimepima mita mbili na robo. Pampu sijaihitaji miezi minane."

"Sijauliza habari za daftari. Nauliza kisima changu."

"Daftari halijawahi kunidanganya."

"Basi pima nikuone."

Akapanda vidato vyake, akateremsha futi. Chubwi. Mita mbili na robo. Alipogeuka amwoneshe, akamkuta dada anatazama miguu yake.

"Mbona unapanda ngazi kupima maji yaliyo chini?"

"Bomba liko juu. Mgongo wangu nao umeanza kupinda."

"Ulipoanza kazi hapa nilikuletea chakula, nikakaa juu ya bomba hilihili. Lilinifika gotini. Leo linanifika kifuani. Na mimi nimepinda? Au bomba ni mti, limekua?"

Akashuka kwenye vidato. Ubavuni mwa bomba, usawa wa kiuno, kulikuwa na pete ya udongo mkavu: hapo ndipo ardhi ilipofikia zamani. Takataka zinaoza, zinapungua, kilima kinabonyea. Hilo alilijua, mabonde madogo yaliyozuka kwenye nyasi aliyafukia yeye mwenyewe. Bomba tu ndilo halikushuka, kwa kuwa limekaa kwenye zege, na yeye alikuwa akilifuata huko juu kwa tofali. Akapima kutoka mdomoni hadi kwenye nyasi: mita moja na nusu, kasoro kidogo. Kanuni ya mafundi ilitungwa mdomo ukiwa karibu na nyasi; sasa kati ya viatu vyake na kahawa haikubaki hata mita moja.

Akawasha pampu.

"Usichote tena kisimani," alisema.

"Imeanza lini?"

"Sijui, dada."

Jioni alipiga mstari mwekundu kwenye daftari, akaandika: *Vipimo vya miaka mitatu, pengine minne, si sahihi. Ardhi ilishuka, nikaendelea kupima kutoka mdomo wa bomba. Kosa ni langu.* Akalipeleka ofisini. Mpimaji alikuja na chupa, akachota maji ya kisima, na baada ya wiki mbili jibu likarudi: yasinywewe, yasipikiwe, yasimwagiliwe, yatapimwa tena baada ya mwaka. Dada aling'oa mchicha wake mwenyewe, tuta kwa tuta.

Pampu ilinguruma siku kumi na tisa, ubavu ukakauka. Sasa Bwana Futi alipima kwanza kimo cha bomba nje, akakitoa kwenye hesabu. Ngazi aliivunja. Matofali aliyapakia kwenye toroli, akayashusha, akayapanga juu ya kifuniko cha kisima, asije mtu akakifungua kwa mazoea.

Dada alisimama akimtazama hadi alipomaliza. Kando yake yalikuwa madumu manne ya maji safi ambayo Bwana Futi alimletea kutoka kwake kila siku, akishamaliza kazi ya kilimani.

"Kesho uje nayo mapema," dada alisema. "Kabla hujapima."

"Sawa, dada."

Na kesho yake akaja kabla hajapima.