Mnazi Wenye Kiuno

Asiyesadiki na aende Utange, aulize nyumba ya Bi Mwanatabu, kisha auangalie mnazi ulio nyuma ya bafu. Mnazi ule una kiuno. Minazi mingine yote imesimama kama ilivyoumbwa, lakini huo umebonyea katikati kama mwanamke aliyejifunga leso kwa hasira. Si upepo uliofanya hivyo, wala si mdudu. Ni miguu ya Mwarandu, mkwezi wa madafu. Siku moja yuko huko juu anakata madafu, nyuki wakamvamia. Akaubana mnazi kwa miguu ili mikono ipate nafasi ya kupigana. Nyuki walipokimbia naye alipoachilia, mnazi ulikuwa umekwisha kukonda. Tangu siku hiyo madafu yake hutoka membamba.

Basi miguu hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumbana Odhiambo wa Chaani, na ndiyo iliyomtia ugonjwa.

Odhiambo ni mtu wa bandarini. Kazi yake ni kufunga makontena kwa vyuma huko juu ya meli, na mikono yake ni ya kazi hiyo: akikupa mkono wa salamu, baadaye wajihesabu vidole. Jioni akitoka kazini hupitia ghala moja kuukuu hapo Chaani ambako watu hucheza mieleka ya chini. Hii si ile ya kusimama na kubwagana. Hii watu wazima na akili zao hujilaza mkekani wenyewe, mmoja chini mmoja juu, wakasokotana kama mihogo iliyomea ndani ya gunia, mpaka mmoja wao aupige mkeka kwa kiganja. Maana yake: basi, nimekoma. Mwalimu wao ni Kochi Lenox, mtu mfupi ambaye masikio yake yamefinyangwa na mieleka mpaka yakawa kama maandazi.

Katika ghala hilo Odhiambo ndiye aliyekuwa jogoo. Wengine waliwika akishamaliza yeye.

Mwarandu hakuja kupigana. Alikuja na baiskeli yake na matenga ya madafu, akasimama mlangoni kuwauzia watu waliokaukwa na koo. Kochi Lenox akamtazama miguu. Akamtazama tena. Akamwambia, "Ndugu, vua ndara uingie. Lala hapo chali. Odhis akikujia, mzungushie miguu kiunoni, vifundo vifungane nyuma ya mgongo wake. Hilo tunaliita kufuli. Usimwachie."

Mwarandu akafanya alivyoambiwa, kwa adabu, kama mtu aliyeombwa kushika mtoto wa jirani.

Odhiambo akacheka. Akamlalia kifuani, akamkumbatia, akasukuma kwa ile mikono ya makontena. Kufuli halikufunguka. Akasukuma zaidi, nalo likakaza zaidi. Pumzi ikaanza kumtoka kidogo kidogo kama upepo wa mpira uliochomwa na mwiba. Mwisho Mwarandu akamvuta kichwa chini, akamzungushia mkono shingoni alivyoelekezwa na Kochi, na kile kiganja ambacho hakijawahi kuupiga mkeka kwa ajili ya mgeni, kikaupiga.

"Pole, kaka," akasema Mwarandu. "Nimekuumiza?"

Hilo "pole" lilimuuma kuliko shingo.

Tangu jioni ile Kochi Lenox alipata wimbo. "Tazameni miguu! Mungu aliichonga kwa mti wa mnazi hii!" Mgeni akiingia ghalani huitwa kwanza auone mguu wa Mwarandu, kama watu waonyeshavyo ng'ombe wa mahari. Na Odhiambo, aliyejitia jasho kwenye mkeka ule tangu haujapasuka, yeye Kochi alimwambia nini siku zote hizo? "Sawa, Odhis." Basi. Sawa, Odhis.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwarandu ni mkwezi wa madafu, si mgema, lakini Odhiambo alijipa moyo kuwa methali haitabagua. Akangoja. Akangoja amwone akianza kutembea kwa maringo, akikosa kuamkia watu, akichelewa. Wapi! Kila akisifiwa, Mwarandu huinamisha kichwa na kuchukua ufagio kufagia ghala. Odhiambo akimwona na ufagio hutamani aunyakue afagie yeye, na hajawahi kufagia hata nyumbani kwake.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe, Rispa, alimwekea chakula, akaketi, akasema, "Yule kijana wa madafu leo amenichagulia lenye nyama laini. Halafu ana heshima! Kumbe ndiye mwenye kufuli?"

"Nani amekwambia?"

"Mtaa mzima. Wanasema akikushika huponi."

"Mimi nimepona."

"Ulipiga mkeka."

"Nani amekwambia?"

Rispa akamwongezea samaki. Samaki akashuka na miiba yake.

Kisha likaja la kuja. Kulikuwa na mashindano Nairobi, na ghala lingepeleka mtu mmoja tu wa uzito wao. Kochi Lenox akasema, "Jumamosi nyinyi wawili mtakutana. Atakayeshinda ndiye msafiri." Na Rispa, masikini, alikuwa ameshamtangazia dada yake Mercyline aliye Nairobi kuwa shemeji anakuja kuwakilisha Pwani nzima. Mercyline alikuwa ameshafua shuka za wageni.

Odhiambo hakulala vizuri wiki ile. Alikuwa akijiambia: ni mnazi. Mnazi ndio uliompa miguu ile. Mimi ningezaliwa Utange, nisingekuwa nayo? Wivu ukimkaa mtu hugeuka mwalimu, tena mwalimu mbaya. Siku yake ya mapumziko akavuka mpaka Kisauni, akafika Utange, akajificha nyuma ya ua wa makuti kama mwizi wa kuku, amwone Mwarandu akikwea. Akamwona. Akamwona akipanda kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba yake. Lakini alikuwa mbali, na jambo moja hakulisikia.

Pwani, mkwezi hakwei kimyakimya. Mabafu yetu ni ua wa makuti usio na paa, na aliye juu ya mnazi huona ndani ya kila ua. Kwa hiyo kabla mguu haujaacha ardhi, mkwezi hupiga ukelele, "Mkweziii!" Walio ndani hujibu, "Ngoja!" au "Kwea!" Hata mtoto mdogo wa Utange ajua hivyo. Mtu wa bara aliyekuja na wivu wake, angejulia wapi?

Mwarandu alipoondoka na matenga kwenda nyumba ya pili, Odhiambo akatoka mafichoni. Akauchagua mnazi wenye kiuno, kwa kuwa aliona hapo katikati patashikika. Akavua viatu. Akaukumbatia. Akapanda.

Mikono ya bandari si mchezo. Ilimfikisha juu ya kile kiuno. Hapo ndipo alipotazama chini, na hapo ndipo nguvu zilipomwishia. Akaugandamiza mnazi kwa kifua, shavu limebanwa kwenye gome, magoti yanacheza ngoma peke yake. Kupanda hawezi, kushuka hawezi. Na chini yake, ndani ya ua wa makuti, Bi Mwanatabu alikuwa amejaa povu kichwa kizima.

"Ewe! Nani huko yuu?"

Odhiambo akafumba macho.

"Nakuuliza wewe kunguru usiye na mbawa! Mbona hukupiga ukelele?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba haiji bafuni! Mwili huu nimeusitiri tangu ujana wangu, leo waonwa na mtu wa bara, tena kutoka yuu kama mzigo!"

"Wallahi sijaona kitu, mama!"

"Hujaona kitu?" Bi Mwanatabu akajifunga leso upesi upesi, akatoka nje na kata ya kuogea mkononi. "Basi mimi si kitu? Shuka hapa uniambie usoni kuwa mimi si kitu!"

Majirani wakaanza kukusanyika. Mmoja akashauri mnazi ukatwe. Mwingine akasema la, na uachwe, jamaa ataiva aanguke mwenyewe.

Mwarandu akaja mbio. Akatazama juu, akaujua ule wayo uliopasuka kisigino, kwa kuwa ameshauona mkekani mara nyingi. Akapiga ukelele wake, "Mkweziii!", ingawa aliyekuwa akioga alikuwa amesimama pale na kata, desturi ni desturi. Akakwea mpaka chini ya miguu ya Odhiambo.

"Kaka, umefuata nini huku?"

"Dafu."

"Ungeniambia ningekuletea." Akasema bila kucheka, na Odhiambo akamchukia kwa hilo pia. "Sasa sikiza. Wacha kuukumbatia. Ukiukumbatia mnazi, wakunywa nguvu. Tenga kifua na mti. Hivyo. Mgongo wima. Usitazame chini, tazama makuti. Viwiko viweke karibu na mbavu. Umepumua?"

"Nimepumua."

"Mti hauna haraka. Nawe usiwe nayo. Haya, mguu mmoja. Ukishatulia, wa pili."

Odhiambo akatenga kifua, na lo, magoti yakaacha ngoma. Mnazi uliokuwa ukimmeza ukawa mti tu. Wakashuka hivyo, mguu kwa mguu, mpaka ardhini. Bi Mwanatabu akainua kata.

"Nisamehe mimi, mama," Mwarandu akamkinga. "Huyu namfunza kukwea. Nilisahau kumwambia apige ukelele. Kosa ni langu."

"Lako?" Kata ikamshukia Mwarandu begani, ko! "Basi mfunze adabu kwanza, kisha umfunze minazi!"

Kata ile ilimstahili Odhiambo. Hata kata yake aliichukua yule mtu! Njia nzima ya kurudi Chaani alikuwa akiwaza: sasa atakwenda kusema ghalani. Atawachekesha wote, na mimi nitapata sababu halali ya kumchukia.

Jumamosi ikafika. Odhiambo akaingia ghalani ameshajikaza kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Mwarandu alikuwa anafagia. Hakuwa amemwambia mtu.

Rispa alikuja kutazama, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Kochi Lenox akapiga makofi, wakaingiana. Haukupita muda mrefu, miguu ya mnazi ikamzunguka Odhiambo kiunoni na vifundo vikaitana nyuma. Ko! Kufuli. Watu wakapiga mbinja, walijua kinachofuata. Odhiambo naye akataka kufanya kama siku zote, amlalie, amkumbatie, asukume. Kifua chake kilikuwa kimeshaanza kuinama.

Akakumbuka gome lililomchuna shavu.

Akatenga kifua. Akaweka viganja vyake tumboni kwa Mwarandu, viwiko karibu na mbavu, mgongo wima, na macho akayainua juu kwenye mabati ya paa kana kwamba kuna makuti. Mwarandu akamvuta, hakwenda. Akamvuta tena kwa ukosi. Hakwenda. "Anafanya nini huyo, anaomba mvua?" mtu akauliza. Odhiambo akapumua. Mti hauna haraka. Akaweka mguu mmoja mkekani, akatulia. Akaweka wa pili. Akasimama na Mwarandu akining'inia kiunoni kama tenga la madafu. Kisha akaliweka goti lake katikati, akalisukuma goti la Mwarandu chini kwa mkono, taratibu, taratibu, na vifundo vilivyoutia mnazi kiuno vikateleza, vikaachana.

Watu wakasimama wote. Odhiambo akaipita ile miguu, akamlalia ubavuni, akamkandamiza hapo mpaka Kochi akasema basi.

Rispa aliruka mpaka kitambaa kikaanguka. Kochi Lenox akaja na macho yamemtoka. "Odhis! Kufuli lile! Nani amekufundisha kulifungua?"

Odhiambo akamtazama Mwarandu. Mwarandu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Jibu lilikuwa mdomoni, na lilikuwa chungu.

"Mnazi," akasema.

Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni mzaha. Mwarandu peke yake hakucheka. Akamjia, akamshika mkono kwa mikono miwili, uso umemng'aa kabisa, na kusema, "Kaka, umeushika mgongo vizuri! Umeuona? Umeuona ulivyosimama?" Kana kwamba aliyeshinda ni yeye.

"Tazameni roho!" Kochi Lenox akapaza sauti. "Mtu ameshindwa na bado anafurahi! Hii roho Mungu aliichonga kwa mti gani?" Wote wakamzunguka Mwarandu, wakampiga mabega, lile la kata nalo. Odhiambo akabaki katikati ya mkeka na safari yake ya Nairobi. Kochi alipomkumbuka, alimgeukia na kusema, "Sawa, Odhis."

Asubuhi ya kuondoka, Mwarandu alikuwa stendi kabla ya basi. Alimletea dafu la njiani, ameshalichonga mdomo. Lilikuwa jembamba, limebanwa katikati, na Odhiambo alilijua limetoka mnazi gani.

"Nenda salama, kaka. Uturudie na ushindi."

Basi lilipokuwa linaupanda mlima wa Mikindani, Odhiambo akalinusa lile dafu. Aliomba liwe limechacha. Aliomba liwe na maji ya chumvi, liwe na mdudu, liwe na kasoro yoyote ambayo mtu anaweza kwenda nayo Nairobi akiwa na amani. Akalitia mdomoni.

Lilikuwa tamu. Hajawahi kunywa dafu tamu namna ile. Akalinywa lote huku amekunja uso, na abiria wa pembeni akamwuliza kama ni dawa.

"Ndiyo," akajibu. "Lakini haijanishika bado."