Dobi na Santuri Iliyopinda

Dobi yule aliitwa Sauti, na jina hilo alijipachika mwenyewe, watu wakalibeba tu ili wapate amani. Alikuwa mwembamba kama henga ya nguo, vidole vimekauka kwa sabuni, na mdomo haukuwahi kupumzika tangu aote meno. Ukimpelekea shati la kupiga pasi, ulirudi nyumbani na shati lililonyooka na kichwa kilichojaa habari za ujana wake, enzi alipokuwa mwanamuziki.

Habari yenyewe ilikuwa moja tu. Kuna wimbo wa zamani ambao redio hupenda kuupiga Jumapili mchana, na sauti inayoimba humo, kwa maneno yake, ni ya kwake. Kwa wimbo huo alipata mke. Kila ulipoanza, mkewe aliacha ndoo katikati ya uwanja, akaweka kidole mdomoni, akawanyamazisha majirani wote, akakaa kusikiliza kama mtu aliyeletewa zawadi. Nayo redio ilikwaruza kiasi kwamba hata angekuwa mbuzi anayeimba, usingejua.

Ukweli? Siku ya kurekodi dobi alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, akitikisa kayamba. Aliyeimba alikuwa mtu mwingine, aliyehamia mbali kabla hata ndoa haijafungwa. Uongo ule ukawa kama mtoto wa nyumbani, ulilishwa, ukanenepa.

Angetulia hapo angekufa na heshima zake. Lakini kaka yake alipohama nyumba alimwachia gramafoni na kreti la santuri, dobi akapata wazimu mpya. Alizifuta vumbi kwa skafu ya hariri ya mteja, akaweka moja, akafumba macho. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyesalimika.

"Hiyo simu yako inapiga muziki uliotiwa maji," alimwambia mwalimu aliyefuata suruali yake. "Santuri, mwalimu! Kwenye santuri unasikia mpaka mwimbaji akimeza mate. Santuri haifichi mtu."

"Na suruali yangu?"

"Suruali bado."

Maneno hayo aliyasema mbele ya shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi redio mwenye tabia ya kuchekea puani. Jumamosi akarudi na santuri kwapani, kaiokota kwenye stoo ya mteja wake. Ilikuwa ya wimbo ule ule.

"Shemeji, leo tunakusikia mzima mzima, bila mikwaruzo!"

Mke akapiga kigelegele, majirani wakaanza kujaa mlangoni. Dobi aliigeuza geuza ile sahani, akitafuta pa kutokea. Ndipo akaona wokovu. Ilikuwa imepinda, ukingo mmoja umeinuka kama kola ya shati la bei rahisi.

"Haitapigika hii," alisema, huku akijitahidi kuonekana mwenye huzuni. "Labda niinyooshe kwanza." Akachukua pasi, akazungusha moto mpaka mwisho, ule wa jinzi.

"Wewe bwana, umerogwa?" Mkewe alimpokonya. "Unataka kuikaanga? Miaka yote unafua nguo za watu, hujui tofauti ya jinzi na nailoni?"

Akapunguza moto mpaka wa chini kabisa. Akailaza santuri katikati ya taulo mbili zenye unyevu, akapitisha pasi kwa mkono mwepesi kama anayenyoosha gauni la bibi harusi, kisha akaikandamiza kwa kioo cha kabati na furushi la mashuka mpaka ikapoa. Dobi alisimama pembeni akitazama kazi safi, na kwa mara ya kwanza maishani aliichukia kazi safi.

Sahani ikalala sawa. Sindano ikashuka.

Tusimnyime haki yake: kuhusu santuri alisema kweli. Gitaa lilisogea karibu kana kwamba mpigaji yuko chumba cha pili, anasubiri kukaribishwa. Halafu ikaja sauti, nzito, tulivu, ya mtu mwenye kifua. Watu wakageuka kukitazama kifua cha dobi. Hakikuwepo.

"Ujana," alisema dobi. "Sauti hubadilika."

Mwimbaji alinyamaza kidogo kuvuta pumzi kabla ya kiitikio, na kwenye ule ukimya, nyuma kabisa, kayamba likasita. Ikasikika chafya. Mbili ndogo za kujaribu mitambo, kisha moja ya kung'oa mlango. Safi kabisa, mpaka kamasi ulilisikia.

Mtaa mzima unaijua chafya hiyo. Kila asubuhi dobi anapokoroga wanga wa kutia nguo, ndiyo inayoamsha watu.

Shemeji alichekea puani mpaka akakaa sakafuni. "Kweli santuri haifichi mtu," alisema mwalimu, ambaye alikuwa amekuja tena kufuata suruali.

Dobi hakuwaangalia hao. Hao angewashinda kwa mdomo. Alimwangalia mkewe tu. Mke naye alimkazia macho, vile anavyokagua doa akijiuliza kama litatoka.

"Kwa hiyo miaka yote nanyamazisha watu ili nimsikilize mwanamume nisiyemjua."

"Mke wangu, mimi..."

"Nyamaza, umeshasikika vya kutosha."

Akauinua mkono wa gramafoni, akaurudisha nyuma kidogo, pale kabla ya kiitikio. Kisha akawageukia majirani, kidole mdomoni kama siku zote.

"Kimya, jamani. Mume wangu anakuja."