Mlango wa Kushoto wa Pikapu

Nilianza kwa kumshuku fundi. Jijini Nairobi, gari likiharibika wa kwanza kushukiwa ni fundi, na sikuona kwa nini wetu asamehewe eti kwa sababu tulielekezwa kwake na mzee wa kanisa.

Pikapu ilikuwa ya babu, au ndivyo nilivyoambiwa. Ilikaa miaka mingi nyumbani Machakos, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva, mpaka Baba alipostaafu kazi ya serikali na kuamua kuifufua. Gereji hakutaka hata kuisikia. Iliburutwa hadi kwetu, karibu na Dagoretti Corner, ikaegeshwa uani kati ya kamba za nguo na tangi la maji.

"Hao watu wa gereji unawapelekea gari wanakurudishia namba pleti," Baba alisema. Katika jambo hilo tulielewana kabisa.

Shabaha yake ilikuwa moja. Desemba kungekuwa na ibada ya kumkumbuka babu kijijini, na Baba alitaka kufika kanisani akiendesha pikapu hiyo, jina la babu likiwa limeandikwa upya mlangoni. Magari ya mizigo huandikwa hivyo huku kwetu: jina la mwenye gari, sanduku la posta, uzito. Marehemu babu alikuwa mtu wa kwanza kijijini kumiliki gari. Baba mwenyewe aliandika hivyo kwenye kijitabu cha mazishi, akakisoma mbele ya watu wote.

Kutu ilikuwa imekula kila mahali. Ukikaa upande wa abiria, unaona nyasi kati ya viatu vyako. Fundi alisugua kwa brashi ya waya, na vumbi jekundu likatua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye chai, kwenye ulimi. Nami nilikaa juu ya kreti ya soda nikimwangalia. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na chuo kilikuwa kimenifundisha nisiamini jambo kwa sababu tu limesemwa. Kila kifaa kilichofunguliwa nilikitia alama ndogo ya rangi ya kucha, ili kisibadilishwe na cha bandia.

Siku ya tatu aligundua.

"Madam, hii dainamo inaenda harusi?"

"Naweka alama tu."

"Sawa. Weka pia kwa spana zangu, nisijiibie."

Alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, mkubwa wa mwili, mpole kiasi cha kunitia wasiwasi zaidi. Mpaka leo sijui kifuniko cha redieta kilienda wapi.

Asubuhi moja aliniita mwenyewe. Alikuwa akisugua mlango wa kushoto kwa msasa na maji. Sehemu ya chini ilikuwa imeoza, lakini juu bati lilikuwa zima. Rangi ya kijani ilikuwa inatoka, na chini yake, kwenye rangi ya maziwa, herufi nyeusi zilianza kujitokeza.

"Wewe si ndiye msomi? Soma."

Nilisoma. Lilikuwa jina langu.

Kwa sekunde chache niliamini mambo ambayo siyaamini. Kisha akili ikarudi. Sisi Wakamba tunawapa watoto majina ya mababu na nyanya zao. Nilipewa jina la mamake Baba, ndiyo maana Baba huniita "mama". Jina mlangoni lilikuwa la Susu, nyanya yangu. Chini yake kulikuwa na sanduku la posta na uzito wa gari, kama sheria inavyotaka.

Baba alitoka nyumbani na kikombe mkononi. Aliuangalia mlango. Hakushangaa hata kidogo, na hapo ndipo nilipomwachilia fundi na kuanza kumshuku yeye.

"Funika hapo na praima," alimwambia fundi. "Leo."

"Baba, logibuku iko wapi?"

"Ilipotea, mama."

Logibuku ndiyo hati inayoonyesha gari ni la nani, na huyu ni mtu aliyehifadhi ripoti zangu za chekechea kwenye faili. Alirudi ndani bila kumaliza chai.

Nikakaa kwenye kreti nikipanga dhana. Labda babu alificha mali yake kwa jina la mkewe. Labda gari halikununuliwa kwa njia safi. Fundi alikuwa anapakia karatasi za msasa kwenye mfuko.

"Na praima?" nilimuuliza.

"Imeisha."

Kopo lilikuwa pale miguuni pake, limejaa. Aliniona nikiliangalia.

"Imeisha," alirudia, akakaa juu yake.

Susu alikuwa kwetu wiki hizo, amefanyiwa upasuaji wa jicho katika kliniki moja Hurlingham. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, la pili bado lilikuwa na ukungu. Nilimkuta sebuleni akisikiliza redio.

"Susu, ile pikapu ilikuwa ya nani?"

"Nani anauliza?"

"Ni mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu. Jina letu liko mlangoni."

Alipapasa redio mpaka akaizima. "Walisema wamelikwangua."

Akanieleza kwa sauti kavu, kama mtu anayetoa ripoti. Alikuwa akikusanya vyondo, vikapu vya kusukwa, kutoka kwa wanawake wa vijiji vinne na kuvileta Nairobi kuuza. Pikapu aliinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anahama. Hakujua kuendesha, kwa hivyo babu akawa dereva. Ikawa kila babu akifika kanisani, wazee wenzake wanamuuliza kama leo ameletwa na mkewe. Wiki moja Susu alienda Kitui kwenye matanga ya ndugu yake. Aliporudi, gari lilikuwa la kijani na lina jina la mumewe.

"Ukafanya nini?"

"Nilimuuliza kwa nini amepaka rangi. Akasema imeanza kushika kutu."

"Ilikuwa imeanza?"

"Nilikuwa naiosha mwenyewe kila Jumamosi."

Nilimkuta Baba nyuma ya nyumba.

"Umeenda kumsumbua na macho yake vile yalivyo?"

"Nilimuuliza swali tu. Wewe ulijua."

Akasema alipata logibuku kwenye sanduku la babu baada ya mazishi, wakati kijitabu kilikuwa kimeshasomwa na watu wameshalia. Ningemrekebisha marehemu vipi, aliuliza. Hiyo "baada ya mazishi" nimeigeuza kichwani mara nyingi. Huenda ni kweli.

"Unataka niingie kwa ile kanisa niwaambie baba yangu alikuwa dereva?"

"Susu anasema alikuwa dereva mzuri."

"Mama, wewe hujawahi kusimama mbele ya hao wazee."

"Yeye alikaa mbele yao ukisoma kile kijitabu. Alikusikia."

Wiki mbili hatukuzungumza zaidi ya salamu. Fundi alikata bati, akachomelea sakafu mpya, akapaka gari zima rangi ya maziwa bila kumuuliza mtu. Baba aliona, akapita.

Mwandishi wa maandishi ya magari alikuja Ijumaa, kutoka kibanda kimoja cha Ngong Road, na brashi nyembamba kwenye kopo. Susu, aliyekuwa bado haoni maandishi, alitaka kuwa nje, tukamwekea kiti karibu na mlango wa kushoto.

"Haya wazee, hapa tunaandika nani?"

Nilifunga mdomo kwa makusudi. Nilitaka kuona.

Baba alisema jina, akiangalia chini.

"Sijasikia," Susu alisema.

Baba akalirudia, majina yote matatu ya mamake, kwa ile sauti ya kusoma kanisani. Kisha akampa mwandishi kikaratasi chenye sanduku la posta na uzito, naye akachora mistari ya penseli na kuanza kazi. Susu hakusema asante. Alikaa ameinamisha kichwa, akisikiliza brashi.

Ilipokamilika alinishika mkono. "Nisomee."

Nilisoma.

"Soma tena. Polepole."

Nilisoma tena.

"Huyu naye ni mtoto wao, anaweza kunidanganya," alisema, akanisukuma kando. "Muite yule fundi. Yeye si wa kwetu."

Fundi alipangusa mikono kwenye suruali, akachuchumaa mbele ya mlango, akasoma kila neno kama shahidi mahakamani. Susu alitikisa kichwa kukubali jina, akakubali na uzito.

"Na hiyo sanduku la posta," akauliza, "si ile yangu. Ni ya nani?"

Sote tulimgeukia Baba.