Gari la Mama Mbele ya Fundi

Mama alisema gari likikataa kuwaka tena kule Kibirizi tunakopakia dagaa, analiuza. Nimemaliza chuo na sina kazi nyingine zaidi ya kumbebea dagaa wake kwa gari hilo la zamani, kwa hiyo niliogopa. Kila lilipokataa niliandika kwenye daftari: kama mvua ilinyesha, mafuta yalikuwa kiasi gani, hata nililiegesha likitazama wapi. Lakini kwa fundi, mtaa wa Rusimbi, liliwaka mara zote tatu tulizolipeleka.

Mara ya nne fundi alisoma daftari lote, kisha akafungua buti na kunusa.

"Mnaliosha kabla ya kuja?"

"Tunashusha dagaa kwanza, tunaosha. Tunaona aibu, harufu."

"Msomi, unamleta mgonjwa, ugonjwa umeuacha nyumbani! Kalilete na magunia yake ya dagaa."

Nilirudi na mama na magunia sita. Nikazima injini, nikazungusha ufunguo tena: kimya. Nilifurahi hadi nikapiga usukani kofi.

Fundi alisogeza gunia moja, akafunua zulia la buti, ambapo betri ya gari hilo hukaa. Gunia lilikuwa likikandamiza waya mpaka unaachia betri.

"Kwa hiyo nisiuze?" mama aliuliza.

"Uza dagaa, mama."