Vigimbi vya Musyoka

Watu wa Kikima wakimkumbuka marehemu mume wangu Musyoka, wanakumbuka siku aliyoanguka. Mimi nakumbuka alivyokuwa akiruka. Ngoma ikikolea alijipindua hewani, akatua kwa mguu mmoja kimya kama paka. Niliipenda hiyo miguu, sifichi.

Mwaka wa sabini na nne vigimbi vyote viwili, ile nyama ya nyuma ya mguu, vikaanza kukaza na kuuma. Mchujo wa wacheza ngoma wa kwenda Nairobi ulikuwa karibu, na hiyo safari aliitaka kuliko chakula. Mimi nilikuwa nakanda watu kwa mafuta ya mbarika. Evanson, muuguzi wa zahanati, akasema kukanda ni kupapasa tu, dawa ni kufunga plasta.

"Kupapasa? Wewe Evanson, hebu lete hiyo plasta yako hapa!"

Tukagawana mume wangu: mimi mguu wa kushoto, yeye wa kulia. Kisha tukampandisha juu ya kinu kilichopinduliwa, asimame kwa mguu mmoja mmoja. Wa plasta ulisimama imara, lakini kuruka ulikuwa mzito. Wangu ulikuwa mwepesi, hauumi, ila ulitetemeka. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyeshinda, ingawa mimi mpaka leo nasema nilishinda.

Musyoka naye, kwa tamaa yake, akataka vyote. Asubuhi ya mchujo nilimkanda miguu yote miwili. Hakuniambia kitu. Akaenda kumwomba Evanson plasta, akajifunga mwenyewe juu ya mafuta.

Aka! Plasta gani hushika kwenye mafuta? Alipojipindua tu zikafunguka, akazikanyaga, akateleza, akamwangukia mpiga ngoma. Uwanja mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikauona uso wake, nikaacha.

Nairobi hakwenda, wala hakucheza tena mbele ya watu. Lakini kila jioni alininyooshea mguu: "Mama Nzioka, hebu kanda." Nikimaliza, akidhani simwoni, alienda nyuma ya jikoni, akapanda juu ya kile kinu, akasimama kwa mguu mmoja. Ee, nilikuwa namwona. Moyo uliniuma, na bado nilimpenda.

Tulimzika mwaka jana. Kinu bado kimepinduliwa pale pale. Binti yangu anakitaka cha kutwangia mahindi ya muthokoi. Nimemwambia atafute kingine.