Nailoni ambayo haikuwa nailoni

Leo nimemgombeza wifi yangu Zainabu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Tangu turudi kwetu Koboko kutoka ukimbizini, mimi hutengeneza siki ya kuuza kwa mananasi yaliyooza.
Asubuhi nafunua ndoo, nakuta kitu cheupe, kinene, kimefunika siki yote juu.

"Zainabu, kwa nini umetupa nailoni kwa siki yangu?"
"Wifi, mimi sikugusa."
Sikumwamini. Nilimsema mpaka majirani wakatoka.

Mmoja wao ni mwalimu wa sayansi. Alikitoa, akakiosha, akakikata kwa kisu.
"Hii haiko nailoni, mama. Bakteria ya matunda ndiyo imesuka. Inaitwa selulosi, kitu ileile iko kwa pamba."

Tulikichemsha, tukakikamua, tukakianika kwenye bati.
Jioni kimekuwa chembamba kama karatasi. Nimekivuta kwa mikono miwili, hakichaniki.

Jamani, viumbe ambavyo jicho halivioni vimesuka kitambaa ndani ya uozo, na mimi nilikuwa napita hapo kila siku.

Nimemwomba Zainabu msamaha mbele ya majirani walewale.
"Nimesamehe," akasema, macho hayatoki kwenye kile kitambaa. "Lakini hii nakaa nayo mimi."

Nyinyi mmetupa vingapi kama hiki mkidhani ni uchafu?