Ndege ya Barazani

Fundi wa kuchomelea mageti pale Bwera ana sauti ya kuamsha mtaa mzima, ila akishika ndege yake ya mbao, ile ndogo ya kurushwa kwa rimoti, hunong'ona kama yuko kanisani. Rachelle, muuza ndimu wa mlango wa pili, hachoki kumtazama. Kila jioni fundi huisukuma ndege kutoka mlangoni kwake kupita barazani. Ikipinda kuelekea mtaroni, huchuchumaa, akafumba jicho moja, akaukunja kwa koleo waya wa gurudumu, kidogo tu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Kisha huibeba kuirudisha kwake, kama kifaranga.

Jana ilinyooka hadi miguuni pa Rachelle. "Kesho inaruka!" fundi akanguruma. Rachelle hakumpa aibebe. Aliigeuza, akaisukuma irudi ilikotoka. Ikaacha njia, ikatumbukia mtaroni.

"Papa, magurudumu iko sawa kwa kuja tu," akasema. "Hii saruji inainama. Ndimu yangu yote inakimbiaka kule."

Fundi alichukua ndimu moja, akaiweka sakafuni taratibu, akaiachia. Ilipotumbukia mtaroni, akanyoosha mkono kuomba ya pili.